Barua ya wazi: Kibali cha kuchuma mti wa dawa ya saratani kitaje kilo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira, Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kwale, Kenya, na wakuu wa NEMA (mazingira), KWS (wanyamapori), KFS (misitu) na NACOSTI (utafiti).

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima. Tunaowaandikia ni watu wa mimea ya dawa: baadhi yetu wa hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, baadhi wa maabara ya kemia, baadhi wa msituni. Tuna neno juu ya karatasi moja inayopita mezani kwenu, nayo ni kibali cha kuchukua mimea kwa utafiti wa saratani. Ombi letu ni kwamba kila kibali cha namna hiyo kitaje kilo zinazoruhusiwa, sehemu ya mti itakayochukuliwa, na idadi ya miti itakayobaki imesimama. Kibali kisichotaja hayo matatu kinafungua mlango usio na kizingiti, na Kwale mlango huo uliwahi kufunguliwa.

Nchini Shimba Hills, msitu wa hifadhi huko Kwale, inajulikana kwa ndovu na palahala. Miongoni mwa wanaotafuta dawa duniani inajulikana kwa jambo jingine. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikusanya kutoka huko mmea uitwao Maytenus buchananii, ambao siku hizi wataalamu wa majina wanauweka katika jenasi ya Gymnosporia. Zilichukuliwa kilo 27,215. Ukizitia kwenye magunia ya kilo 50, ni magunia 544 na kitu. Mimea iliyokomaa katika eneo lile ilivunwa karibu yote. Miaka minne baadaye mzigo mwingine ulipotakiwa, wakusanyaji walihangaika kuupata, maana miche iliyoota kushika nafasi ya mikubwa ilikuwa haba mno.

Kilichokuwa kikisakwa ni kampaundi iitwayo maitansini. Morris Kupchan na wenzake waliitangaza mwaka 1972 baada ya kuitenga kutoka kwa ndugu wa mmea huu aliyechumwa Ethiopia. Mmea wa Ethiopia ulitoa takriban miligramu 0.2 kwa kila kilo ya mmea mkavu. Wa Kwale ulitoa takriban miligramu 1.5, zaidi ya mara saba, na hapo macho yote yakageukia Shimba. Tafadhali pigeni hesabu hii pamoja nasi. Chukueni kilo 27,215, zidisheni kwa miligramu 1.5. Hata tukichukulia kwamba uzito wote ulikuwa mkavu, na kwamba hakuna kilichopotea katika uchujaji, jambo ambalo halijawahi kutokea katika maabara yoyote, mtapata gramu 41 hivi. Ni kama vijiko vitatu vikubwa vya sukari.

Gramu hizo hazikuzaa dawa wakati ule. Maitansini huishika tubulini, protini ambayo seli huijengea nyuzi za kuvuta kromosomu zinapogawanyika. Nyuzi zisipojengeka, seli hukwama katikati ya kugawanyika na kufa. Nguvu yake kwenye seli za maabara ilipimwa kuwa mara 100 hadi 1,000 ya vinkristini, dawa nyingine ya saratani itokayo kwenye mmea. Tatizo ni kwamba haikuchagua. Ilipoanza kujaribiwa kwa wagonjwa katikati ya miaka ya 1970, iliwaharisha, ikawatapisha, ikadhuru neva na ini, na wagonjwa ambao uvimbe wao ulipungua walikuwa wachache. Ikawekwa kando. Msitu ulikuwa umeshatoa ulichotoa.

Ilirudi baada ya miongo kadhaa kwa njia nyingine. Wanakemia waliitengeneza upya kidogo ili iweze kufungwa kwenye kingamwili inayoitambua seli ya saratani. Kingamwili ndiyo mbebaji, na sumu inaachiliwa ikishafika ndani ya seli. Dawa ya kwanza ya ukoo wa maitansini iliyofungwa hivyo, yenye jina la biashara Kadcyla, iliidhinishwa Marekani Februari 2013 kwa saratani ya matiti yenye alama ya HER2. Novemba 2022 ikafuata nyingine ya familia hiyo kwa saratani ya ovari. Kwa hiyo mmea wa Shimba haukuwa na thamani ya kubahatisha. Ulikuwa wa ukoo unaobeba mojawapo ya sumu kali na zenye faida kubwa kuliko zote zilizopata kuingia katika tiba ya saratani.

Sasa, sumu hiyo inayotumika leo hutoka wapi? Haitoki msituni. Mwaka 1977 watafiti wa kampuni ya Takeda ya Japani walitangaza kuwa bakteria mmoja, anayeitwa sasa Actinosynnema pretiosum, hutengeneza ansamitosini, kampaundi za ukoo uleule. Bakteria huyo hufugwa katika matangi, na kutoka kwake hupatikana malighafi yote inayohitajika bila kukata kijiti kimoja.

Kuna jambo lililofuata ambalo linagusa moja kwa moja kazi ya kutoa vibali. Watafiti waliochunguza mimea ya ukoo huu Afrika Kusini wamepata ushahidi kuwa maitansini hutengenezwa na jamii ya bakteria waishio mizizini. Tunaomba hili lisomwe mara mbili. Huenda mtu akaweza kuichukua siri ya mmea wa aina hii kwa kijiko cha udongo na sentimita kumi za mzizi. Kibali kinachosema "majani na magome" hakijamzuia. Na mpango wa kuotesha miche kwa udongo uliopikwa ili kuua wadudu, kama ilivyo desturi ya vitalu vingi, unaweza kuwapa wenyeji miti mizuri ya kijani isiyo na chembe ya kampaundi. Miche ya mmea wa namna hii ioteshwe ikiwa na udongo wa chini ya mti mama, walau konzi moja kwa kila mfuko, kisha mizizi ipimwe kabla ya mkulima kuahidiwa soko.

Tuje kwenye kilo. Ni kiasi gani kinachohitajika kweli kwa hatua ya kwanza? Katika miaka ya 1970 upimaji ulifanywa kwa panya na ulikula mzigo. Leo kazi hiyo hufanyika kwenye sahani ya plastiki yenye visima 96, kila kisima kikiwa na maikrolita 100 za majimaji. Ukipima kwa kiwango cha maikrogramu 20 kwa mililita, kisima kimoja kinatumia maikrogramu 2 za ekstrakti, yaani kile kinachobaki mmea ukilowekwa na kuchujwa. Gramu moja ya ekstrakti inatosha visima laki tano. Gramu 500 za majani makavu, zikilowekwa kwenye methanoli, kwa kawaida hutoa gramu 25 hadi 50 za ekstrakti. Majani mabichi hupoteza takriban robo tatu ya uzito wake yakikauka, hivyo kilo 2 hadi 2.5 za majani mabichi, zilizochumwa kidogo kidogo kutoka miti kumi au zaidi, zinamaliza haja ya mtafiti wa hatua ya kwanza. Anayeomba gunia zima kwa ajili ya "uchunguzi wa awali" aulizwe anataka kulifanyia nini.

Safari ya pili ya msituni iruhusiwe kwa masharti mawili. Kwanza, ekstrakti iwe imeonyesha nguvu ya kweli, na tutaeleza chini maana ya kweli. Pili, mwombaji alete matokeo ya kromatografia na spektrometa ya masi, vipimo vya kutenganisha na kutambua kampaundi, yanayoonyesha kuwa hafukuzii kampaundi ambayo dunia inaijua miaka mingi. Magome mengi ya miti yetu yana lupeoli, asidi ya ursoliki na tanini za kila aina. Zote huua seli kidogo zikiwekwa nyingi. Kukata miti ili kuzigundua kwa mara ya mia ni hasara tupu. Akitimiza hayo mawili, kilo 5 hadi 10 kavu humtosha kutenga kampaundi na kuisoma muundo wake. Zaidi ya hapo, msitu usiwe ndio ghala: aje na mpango wa kuotesha, wa kuunda kwa kemia, au wa kufuga bakteria.

Sehemu ya mti nayo ina uzito wake katika shauri hili. Jani hurudi, gome mara nyingi halirudi, na mzizi mkuu ukikatwa mti umekwenda. Somo kubwa liko Marekani, kwenye mti wa Taxus brevifolia, ambao gome lake lilichumwa kwa mara ya kwanza kwa uchunguzi mwaka 1962 na likazaa paklitakseli, dawa iliyoidhinishwa mwaka 1992 kwa saratani ya ovari. Ili kupata kilo moja ya dawa zilihitajika takriban tani 10 za gome, na mti ukishachunwa hufa. Ufumbuzi ulipatikana kwenye majani ya ndugu yake wa Ulaya, Taxus baccata: yana kampaundi nyepesi zaidi ambayo kemia hukamilisha na kuifanya paklitakseli, na majani hayo hupunguzwa kwa mkasi kama uzio na kuchipua tena. Kwa hiyo kila kibali kianze na jani. Mtafiti akisema jani halina kitu, alete karatasi inayoonyesha kwamba alilipima.

Pale gome linapolazimika, kuna utaratibu unaojulikana kutoka kwa Prunus africana, mti ambao gome lake huuzwa nje kwa maradhi ya tezi dume na ambao biashara yake iko chini ya ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995. Mti wenye kipenyo chini ya sentimita 30 usiguswe. Gome lichunwe kwenye robo mbili za shina zinazotazamana, kamwe lisizungushwe shina zima. Sababu ni ya kimwili: utando wa ndani wa gome ndio unaoteremsha sukari kutoka majani hadi mizizini. Ukiukata kwa duara, mizizi hufa njaa huku majani yakiwa bado kijani, na mgambo anayepita baada ya mwezi mmoja ataripoti kuwa mti ni mzima. Panga lisiingie hadi kwenye mti mweupe. Mzizi ukihitajika, ichimbwe mizizi ya pembeni tu, ya upande mmoja, na shimo lifukiwe siku hiyohiyo.

Mambo madogo ya msituni ndiyo yanayoharibu tafiti nyingi kuliko mashine. Sampuli ya ushahidi iliyobanwa kwenye magazeti, yenye ua au tunda, ichukuliwe kwa nakala tatu, na moja ibaki katika Hebaria ya Afrika Mashariki, Nairobi. Si urasimu. Mmea wa Ethiopia uliotoa maitansini ulitangazwa mwaka 1972 kwa jina la Maytenus ovatus, baadaye ukatambuliwa kuwa Maytenus serrata. Jina kwenye karatasi hubadilika, mmea uliobanwa hubaki kuwa shahidi. Lebo iandikwe kwa penseli, moja ndani ya mfuko na moja nje, kwa kuwa wino huyeyuka kwenye unyevu wa Pwani. Majani yakaushwe kivulini, yakitandazwa kwa tabaka moja na kugeuzwa kila siku, au kwenye kikaushio kisichozidi nyuzi 40. Yakirundikwa mabichi kwenye mfuko wa plastiki, kufikia asubuhi yameshapata joto, na siku ya tatu yana ukungu. Ukungu una sumu zake zinazoua seli. Maabara italeta matokeo ya kusisimua kutoka kwa ukungu, na safari ya pili haitayapata tena.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, sehemu hii ni yako hasa.

Kila baada ya muda husikika tangazo kwamba mti fulani "umeua seli za saratani". Maneno hayo yanaweza kuwa kweli na yasiwe na maana yoyote kwa mgonjwa. Chumvi ya mezani huua seli za saratani. Kipimo kinachotumika sana ni cha rangi ya MTT: rangi ya njano hutiwa kwenye kisima, na seli iliyo hai huigeuza zambarau. Kisima kikibaki njano, seli zimekufa. Ila ekstrakti yenye fenoli nyingi huweza kuigeuza rangi hiyo zambarau yenyewe, hata pasipo seli hata moja, na sumu nzuri ikafichika. Saponini, zile zinazotoa povu, hupasua utando wa seli yoyote, ya saratani na ya kawaida, kama sabuni. Tanini hugandisha protini. DMSO inayotumika kuyeyushia ekstrakti, ikizidi asilimia 0.5 au karibu na hapo, inaanza kuua yenyewe, na lawama au sifa huangukia mti.

Kwa hiyo, kabla ofisi yako haijatia neno kwenye tangazo lolote, tunaomba watafiti waulizwe haya. Je, kulikuwa na visima vyenye ekstrakti bila seli? Je, visima vyenye DMSO peke yake vilionyesha nini? Kiwango kinachoua nusu ya seli ni kipi? Kwa ekstrakti ghafi, kinachotazamwa kwa kawaida ni kisichozidi maikrogramu 20 kwa mililita, na kwa kampaundi safi kisichozidi 4. Tangazo la maikrogramu 300 halina jambo. Seli za kawaida zilikuwaje kwa kiwango hichohicho? Kama nazo zilikufa, kilichopatikana ni sumu. Seli zenyewe zilithibitishwa kuwa ni za saratani inayotajwa, na zilipimwa kama hazina maambukizi ya mikoplazma, bakteria wadogo sana wanaoharibu matokeo? Ekstrakti ikitikiswa kwenye maji kwa nguvu, povu linakaa zaidi ya dakika kumi? Majibu ya maswali hayo yanaenea ukurasa mmoja. Tangazo likitolewa bila hayo, mama mwenye uvimbe wa titi wa sentimita mbili ataacha miadi ya upasuaji akanywe unga wa magome, na akirudi uvimbe utakuwa umefika kwapani na kwenye ini.

Hatusemi hivi kwa kuidharau mimea. Vinkristini, inayotumika leo kutibu lukemia za watoto na limfoma ile ya taya ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, inatoka kwenye Catharanthus roseus, ua dogo la waridi au jeupe lenye asili ya Bukini (Madagaska) na linalopandwa bustanini kote Pwani yetu. Hutoka kwa uchoyo: zaidi ya kilo 2,000 za majani makavu kwa gramu moja. Lakini hakuna msitu uliofyekwa kwa ajili yake, kwa kuwa ua hilo hulimwa shambani kama zao jingine. Mtu asilichemshe nyumbani. Alkaloidi zake hushusha chembe nyeupe za damu na kudhuru neva, na hospitalini kipimo chake huhesabiwa kwa miligramu.

Kuhusu haki za wenyeji tutasema kwa ufupi, maana sheria ipo. Imeandikwa mara nyingi kwamba Wadigo wanaoishi jirani na Shimba Hills walikuwa wakiutumia mmea ule kwa maradhi yanayofanana na saratani, na kwamba mzigo uliondoka bila ridhaa yao na bila elimu yao kutambuliwa. Mkataba wa Bioanuwai ulianza kutumika Desemba 1993 na Itifaki ya Nagoya Oktoba 2014. Magunia yalikuwa yamekwenda zamani, na hatudai sheria hizo zirudi nyuma. Tunadai zitumike mbele. Kanuni za 2006 za upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 69, na Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi zinawapa nguvu ya kutosha. Ridhaa iandikwe kwa Kiswahili na isomwe kwa Kidigo mbele ya wazee wa kaya, walinzi wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na waganga wenyewe, pamoja na akina mama, ambao ndio wanaojua majani ya watoto. Na mkataba wa kupeleka sampuli nje utaje waziwazi udongo, mizizi, bakteria na kuvu waliomo, na pia mfuatano wa jeni utakaosomwa kutoka kwao. Jeni ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji tena ndege wala gunia, na bila maneno hayo mkataba unalinda majani tu.

Kuna kazi moja ambayo haihitaji fedha za wafadhili wala waraka mpya. Hesabuni Gymnosporia buchananii iliyopo Shimba Hills leo. Wawekwe walinzi wanne na mtu mmoja wa hebaria. Wapime viwanja vya mita 20 kwa 20, walau 50, vikiwa vimetawanywa msitu mzima, visirundikwe kando ya barabara ya magari. Kila mmea upimwe unene, na miche iliyo chini ya goti ihesabiwe peke yake, kwa sababu hiyo ndiyo itakayotuonyesha kama msitu umejiponya au mimea mikubwa inazeeka bila warithi. Kazi ianze kabla ya mvua za vuli, wakati vichaka viko wazi na njia zinapitika. Matokeo yabandikwe ofisi ya kaunti, Kwale, na nakala zipelekwe kwa wazee wa kaya. Mpaka hesabu hiyo ifike mezani kwenu, tunaomba kibali chochote cha kuugusa mmea huu kisitiwe sahihi.

Wenu katika kazi,
Wataalamu wa mimea ya dawa, kemia na misitu